Jinsi kalsiamu inavyoamsha vimeng'enya ndani ya seli

WENGI huyajua madini ya kalsiamu kwa kuimarisha mifupa na meno. Hata hivyo, sehemu ndogo ya madini hayo hufanya kazi nyingine muhimu: kupeleka ujumbe ndani ya seli. Kazi hiyo humhusu sana mgonjwa aliyepandikizwa figo.

Seli iliyotulia huwa na kalsiamu haba mno. Kiasi kilicho nje yake, katika damu na majimaji ya mwili, huzidi cha ndani kwa takriban mara 10,000. Pampu zilizo katika utando wa seli huyasukuma madini hayo nje bila kukoma, na mengine huhifadhiwa katika ghala maalumu ndani ya seli. Kwa sababu hiyo, ongezeko dogo tu hutambuliwa mara moja.

Aina fulani ya chembe nyeupe za damu inapokumbana na kitu kigeni, milango ya utando hufunguka na kalsiamu kumiminika ndani. Hapo madini hayo hunaswa na protini iitwayo kalmodulini, yenye nafasi nne za kuyashika. Protini hiyo hubadilika umbo na kukishika kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, ambacho awali huwa kimezibwa na sehemu yake chenyewe. Kizibo huondoka, na kimeng'enya huanza kazi.

Kazi yake ni kuondoa fosfeti katika protini nyingine, ambayo kisha huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za kinga. Chembe huongezeka na kushambulia.

Mashambulizi hayo humwokoa mtu aliyevamiwa na virusi, lakini humponza aliyepandikizwa figo, kwani mwili huiona figo hiyo kuwa adui. Dawa ya siklosporini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1983, pamoja na takrolimasi, hukizuia kimeng'enya hicho.

Dawa hizo hazizifundishi chembe kuizoea figo. Hukatiza ujumbe tu. Ndiyo maana mgonjwa hapaswi kuziacha bila idhini ya daktari, hata anapojihisi mzima. Kiwango chake kikishuka, kalsinurini huamka tena na figo kuwa hatarini. Kikizidi, chaweza kuidhuru figo iyo hiyo, na kwa hivyo damu yake hupimwa mara kwa mara.