Rehani ya Yusuf: Utumwa Usiokuwa na Mnyororo

Utumwa unapotajwa huku kwetu Pwani, mawazo ya wengi hukimbilia minyororo, majahazi, na soko la Unguja lililofungwa mwaka 1873. Hayo yalikuwapo, wala haifai kuyafunika. Lakini kulikuwa na utumwa mwingine ulioingia majumbani bila ya kishindo. Mtoto alishikwa mkono, akaambiwa aandamane na ami yake, na asirudi tena kwao. Utumwa huo ulikuwa na jina la kibiashara: rehani.

Huo ndio alioutungia riwaya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948, ambaye mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya yenyewe, Paradise, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ilipita miaka ishirini na minane kabla ya kusomeka kwa lugha ya watu wanaosimuliwa ndani yake, hapo Ida Hadjivayanis alipoifasiri ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 2022 kwa jina la Peponi.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mji wa kubuni uitwao Kawa, zama za Wajerumani huko Tanganyika, kuna mtoto wa miaka kumi na miwili jina lake Yusuf. Baba yake ana hoteli isiyokuwa na faida. Mara kwa mara hufika mgeni mtanashati, mfanyabiashara Aziz, ambaye Yusuf hufunzwa kumwita ami. Mgeni huyo kila aondokapo humpa mtoto anna kumi, na mtoto hufurahi. Siku moja mgeni anaondoka na Yusuf pia. Baba ameshindwa kulipa deni, na mtoto ndiye rehani. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa aliyekopa ni mmoja, na anayekaa matanga ni mwingine.

Yusuf anapelekwa pwani kwa gari la moshi, akawekwa katika duka la Aziz. Huko anamkuta Khalil, kijana aliyemtangulia katika hali hiyo hiyo. Somo la kwanza analofunzwa si la mizani wala la kuhesabu pesa. Anaambiwa mtu yule si ami yake, na amwite seyyid. Khalil hasemi hivyo kwa ukatili. Anamwondolea mwenziwe kitambaa cha macho, kwani mtu asiyejua kuwa amefungwa hawezi hata kutamani kufunguliwa.

Msomaji Mwislamu ataona upesi mahali kisa hiki kilipokita mizizi. Katika Sura ya Yusuf, mtoto anatupwa kisimani na nduguze, anauzwa kwa thamani duni ya dirhamu chache, na katika nyumba ya bwana wake mke wa bwana huyo anamtaka. Gurnah ameyaleta hayo pwani yetu. Mke wa Aziz, ambaye naye ni Zulekha kama aitwavyo katika masimulizi, ana alama usoni inayomhuzunisha, na anaamini kuwa mkono wa kijana huyu mzuri utamponya. Hata kanzu iliyochanika kwa nyuma imo. Lakini Nabii Yusuf, alayhi salaam, alitoka gerezani akawekwa juu ya hazina za Misri. Yusuf wa riwaya hana wa kumtoa gerezani.

Tuseme wazi pia kwamba rehani inayotajwa katika Sura ya Baqara ni ya mali. Wanazuoni hawakuhitilafiana kwamba mtu aliye huru hauzwi, na katika Hadithi aliyoipokea Bukhari mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake ameonywa onyo kubwa. Kwa hivyo waliowatoa watoto wao kufidia madeni hawakuwa na kitabu cha kujifichia. Walikuwa na dhiki, na walikuwa na desturi iliyokwisha zoeleka.

Basi je, katika nyumba kama ile ukinzani ulikuwa wa namna gani? Watoro wa Malindi na Takaungu, katika karne ya kumi na tisa, walikimbilia bara wakajenga vijiji vyao kama Fuladoyo na Makongeni, wakalima na kujilinda kwa silaha. Hao twawajua, na wanastahili sifa. Riwaya hii inatuonyesha watu wa aina nyingine, walioshindwa kukimbia au waliokataa.

Wa kwanza ni Mzee Hamdani, mtunza bustani. Maji ya birika, michungwa na miti ya makomamanga yote yamo mikononi mwake, naye hasemi ila kwa nadra. Alikuwa mtumwa, na bibi mwenye nyumba alimpa uhuru wake. Mzee akaukataa. Yusuf anadhani ni unyonge, mpaka mzee mwenyewe anamweleza kwamba uhuru alizaliwa nao, na hajui ni nani aliyemwambia bibi yule kuwa unatoka kwake. Hilo ni jambo la kutafakari. Sheria ya mwaka 1897 kule Unguja na Pemba, na ile ya mwaka 1907 hapa mwambao wa Kenya, ziliweka fidia kwa mabwana. Walioupoteza umri wao katika mashamba ya watu hawakufidiwa kitu.

Wa pili ni Khalil. Baba yake alimtoa rehani pamoja na Amina, msichana aliyeokolewa kwa watekaji akalelewa kama dada yake. Amina alipofikia umri, Aziz alimwoa, na kwa ndoa hiyo deni likafutwa. Khalil akawa huru kwenda zake. Hakwenda, kwa sababu hakuweza kumwacha dada yake ndani ya ukuta ule. Wako watakaosema huo si ukinzani. Lakini katika nyumba iliyopima kila mtu kwa deni, yeye alimpima Amina kwa udugu.

Mwisho wa kitabu unauma. Askari wa Kijerumani wanapita wakikamata wanaume, kwani vita vinakaribia. Yusuf anajificha, nao wanamkosa. Kisha anasikia mlango wa bustani ukifungwa komeo nyuma yake, naye anakimbia kuwafuata askari wale wale. Mwandishi hatuambii kama huko ni kutoroka au ni kubadilisha bwana. Anatuachia tuone jinsi njia zilivyokuwa chache kwa kijana aliyelelewa kama dhamana ya deni.

Huko Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, na hapa kwetu Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 30, inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Hata hivyo, ndugu msomaji, watoto wangali wanatolewa kwa wazazi wenye dhiki wakapelekwa mjini kwa watu wenye nafasi, ati wakalelewe na wasomeshwe. Wako wanaosomeshwa kweli, na wanaowalea watalipwa na Mungu. Wako pia wanaoamka kabla ya adhana ya alfajiri kuosha vyombo, na skuli huiona kwa mbali watoto wenziwao wakienda. Nao hufunzwa kusema "ami" na "mama". Mwenye kutaka kujua mtoto wa nyumba fulani ni mwana au ni rehani, na aulize jambo moja tu: akitaka kurudi kwao leo, atafunguliwa mlango?