Cassinga 1978: kambi iliyopigwa kutoka angani

Darasani wanafunzi huwa wananiuliza: "Mwalimu, kwa nini mtu mwenye bunduki haruhusiwi kukaa kambini?" Jibu lipo kwenye historia ya Namibia.

Miaka hiyo Namibia ilikuwa bado inatawaliwa na Afrika Kusini ya makaburu. Chama cha SWAPO kilianza vita vya ukombozi mwaka 1966. Angola ilipopata uhuru mwaka 1975, Wanamibia wengi walivuka mpaka kukimbilia huko, na SWAPO wakaweka kambi zao. Moja ilikuwa Cassinga, mji wa zamani wa machimbo ya chuma, kama kilomita 250 ndani ya Angola.

Tarehe 4 Mei 1978 asubuhi, watu wakiwa wamekusanyika uwanjani, ndege za Afrika Kusini zilikuja zikaangusha mabomu. Halafu wakashuka askari wa miavuli. Waliuawa watu zaidi ya 600, wakiwemo wanawake na watoto wengi, wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Afrika Kusini ilisema imepiga kambi ya jeshi. SWAPO ilisema ni kambi ya wakimbizi. Ukweli ni kwamba wapiganaji wenye silaha walikuwemo, na akina mama na watoto pia walikuwemo. Jamani, bomu halichagui. Siku mbili baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani uvamizi huo, lakini waliokufa ndo wameshakufa.

Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 unataka wakimbizi wawekwe mbali na mpaka kwa usalama wao. Cassinga ilikuwa mbali, ila umbali peke yake haukutosha. Lazima pia kambi ibaki ya raia. Lawama ni za aliyeangusha mabomu, lakini na sie tusimpe mtu kisingizio.

Kwa hiyo mzazi, akija mtu usiku kumshawishi kijana wako akapigane, au kukuomba umfichie mzigo usioujua, kataa. Wafikirie watoto wako, na wa jirani pia.

Baadhi ya watoto walionusurika Cassinga walipelekwa kusoma Kuba. Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990, na kila tarehe 4 Mei huko ni sikukuu ya kuwakumbuka waliouawa. Tuwapeleke watoto shule, ili siku ya kurudi nyumbani warudi na elimu.