Hewa ukaa: atomi moja ya metali yafanya kazi iliyofanywa na nyingi

Wataalamu wa kemia wanatafuta njia ya kugeuza hewa ukaa, gesi inayopasha dunia joto, iwe malighafi ya mafuta kwa kutumia metali kidogo kabisa: atomi moja moja, zilizoshikwa juu ya unga wa oksidi. Kwa nchi inayoishi kwa madini kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, habari hiyo haiishii maabara.

Kila mwaka binadamu wanatoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ukaa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kabla ya enzi ya viwanda, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na sehemu 280 hivi za gesi hiyo. Leo zimepita 420.

Kuigeuza si rahisi. Hewa ukaa ni kama majivu: imekwisha kuungua, haina tena nguvu ya kutoa. Ili ibadilike inahitaji kuchanganywa na hidrojeni, kupashwa joto, na kupewa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuisha. Kichocheo hicho kinaweza kuwa metali ya bei kali, kama vile platini au rodiamu.

Hapo ndipo kuna hasara. Metali hiyo huwekwa kama vipande vidogo sana, lakini ni atomi za juu tu zinazokutana na gesi. Zilizo ndani zimelipiwa bei ileile na hazifanyi lolote, kama wafanyakazi kumi wanaolipwa huku watatu tu ndio wanaoshika jembe.

Mwaka 2011, kundi la watafiti wakiwemo Tao Zhang na Botao Qiao wa Taasisi ya Fizikia ya Kemia ya Dalian, nchini China, lilionyesha kwamba atomi za platini zinaweza kukaa kila moja peke yake juu ya oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, na zikafanya kazi vizuri. Oksijeni iliyo ndani ya oksidi ndiyo inayozishika.

Zikiwa peke yake, zinatoa gesi nyingine

Mwaka 2015, kundi la Phillip Christopher katika Chuo Kikuu cha California, Riverside, nchini Marekani, lilichunguza rodiamu juu ya oksidi ya titaniamu, unga mweupe unaotiwa pia katika rangi za ukutani. Vipande vya rodiamu viligeuza hewa ukaa kuwa metani, gesi inayoweza kupikia. Lakini atomi zilizojitenga zilitoa monoksidi ya kaboni.

Hii ni gesi ileile inayoua watu wanaolala na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Kiwandani, hata hivyo, ni mali: ikiunganishwa na hidrojeni hutoa methanoli na mafuta ya magari.

Watafiti hao waliona jambo jingine. Hewa ukaa ilipozidi hidrojeni, vipande vilivunjika na kuwa atomi moja moja wakati kazi ikiendelea, na gesi iliyotoka ikabadilika. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kuanza na kichocheo kimoja na kumaliza na kingine.

Kinyume chake pia hutokea. Kwenye joto kali atomi hupenda kutembea na kukusanyika tena. Mwaka 2016, kundi la Abhaya Datye wa Chuo Kikuu cha New Mexico lilionyesha kwamba oksidi ya seriamu inaweza kunasa atomi za platini hata kwenye nyuzi 800 za Selsiasi.

Bado kuna swali la hidrojeni. Ikitengenezwa kwa gesi ya ardhini, kama inavyofanyika mahali pengi, hewa ukaa mpya inatoka na faida inapotea. Inafaa itolewe kwenye maji kwa umeme safi, na hidrojeni ya namna hiyo ni ghali.

Funzo kwa wenye madini

Sehemu kubwa ya rodiamu ya dunia hutoka Afrika Kusini, na nyingi huenda katika vichocheo vya kusafisha moshi wa magari. Mbinu inayofanya gramu moja itoshe mahali pa kadhaa inaweza kupunguza mahitaji.

Congo inajua jambo hilo. Inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, lakini bei ilianguka hadi serikali ikasimamisha kuisafirisha nje mnamo Februari 2025. Kobalti ilikuwa imejaa sokoni, na wakati huohuo betri nyingi za magari ya umeme sasa zinatengenezwa bila kobalti hata kidogo.

Thamani ya jiwe linalochimbwa Kolwezi inaamuliwa pia na mkemia aliye mbali, anayejifunza kutumia kidogo au kuliacha kabisa. Nchi yenye madini bila maabara husikia habari hizo pale bei inapokuwa imeshuka tayari.