Malai ya Jua na Uhai wa Matumbawe

Tumbawe, msomaji wangu, si jiwe. Sisi wana wa pwani tumelijengea majumba na misikiti karne kwa karne, tukalichoma tupate chokaa, hata tukasahau kwamba huko mwambani ni mnyama mdogo, laini, akaaye katika nyumba aijengayo mwenyewe. Ana na wapangaji: vimwani visivyoonekana kwa jicho, vimpavyo chakula na rangi yake.

Wageni wajao kuogelea Watamu, Malindi na Kisite hujipaka malai ili jua lisiwaunguze. Wakiingia majini, sehemu ya malai hubanduka ngozini ikabaki baharini. Baadhi ya aina zina kemikali iitwayo oksibenzoni. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza madhara yake yanavyotokea. Waliwatia wanyama wa jamii ya tumbawe katika maji ya chumvi yenye kemikali hiyo, wakawamulika kwa mwangaza mfano wa jua. Wote walikufa ndani ya siku 17. Wale waliokingwa na miale mikali waliishi. La kustaajabisha ni kwamba mwili wa mnyama mwenyewe huigeuza kemikali ile ikawa kitu ambacho, kikipigwa na jua, huwa sumu. Ngao ya mwanadamu ndiyo mshale wa tumbawe!

Vimwani hujibebea sehemu ya sumu hiyo, mwenyeji wao akapata nafuu. Lakini bahari ikizidi joto tumbawe huvitoa, akabaki mweupe, bila mlinzi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu mwaka 1998, matumbawe mengi yakafa. Sikatai kwamba joto ndilo adui mkubwa. Huyu mdogo humvamia mgonjwa.

Palau ilipiga marufuku malai yenye kemikali hizo kuanzia Januari 1, 2020, na Hawaii ikazuia kuyauza mwaka uliofuata. Mimi, bila kungoja sheria, namtazama mvuvi wetu: shati la mikono mirefu, kofia ya ukindu, basi. Mgeni aogeleaye na fulana ya mikono mirefu ana ngozi kidogo tu ya kupaka. Manahodha wa Shimoni huwapa wageni miwani ya kutazamia samaki. Sioni kwa nini wasiwape na fulana.