Mgagani Bustanini: Mbegu Mpya Huhitaji Kupumzishwa Kabla ya Kupandwa

Mvua za vuli, ambazo katika ukanda wa Ziwa Viktoria hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, ni fursa kwa kaya za Mkoa wa Mwanza kuotesha mboga za asili nyumbani. Miongoni mwa mboga hizo ni mgagani, wenye protini, madini ya chuma na vitamini A, na ambao huanza kuchumwa wiki nne hadi sita baada ya kupandwa.

Hata hivyo, baadhi ya wakulima hukata tamaa pale mbegu walizovuna wenyewe zinaposhindwa kuota, wakidhani zimeharibika. Ukweli ni kwamba mbegu ya mgagani iliyovunwa karibuni huwa bado imelala. Huhitaji kuhifadhiwa mahali pakavu kwa takribani miezi mitatu hadi sita ndipo iote vizuri. Kwa hiyo, mbegu iliyovunwa mwishoni mwa masika, mwezi Mei au Juni, huwa tayari kwa vuli ya mwaka huohuo.

Kabla ya kupanda, mwananchi anaweza kuipima mbegu kwa njia rahisi. Atandaze mbegu 50 juu ya kitambaa chenye unyevu, azifunike na kuziweka mahali penye joto kwa siku kumi. Zikiota chini ya nusu, asubiri zaidi au atafute mbegu nyingine, hasa iliyothibitishwa na Taasisi ya Uthibitishaji Mbegu Tanzania (TOSCI).

Mgagani hustawi katika udongo usiotuamisha maji. Udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, unafaa iwapo utaongezewa samadi iliyooza vizuri. Udongo mzito wa mbuga huhitaji matuta yaliyoinuliwa. Kwa kuwa mbegu ni ndogo, ichanganywe na mchanga mkavu, imwagwe katika mistari iliyoachana sentimita 30 na kufukiwa kwa kina kisichozidi sentimita moja. Ipandwe moja kwa moja bustanini, kwani mzizi mkuu wa mmea huu hauvumilii kuhamishwa. Miche ipunguziwe hadi ibaki nafasi ya sentimita 10 hadi 15, inayong'olewa huliwa.

Maua yakatwe mapema ili mmea uendelee kutoa majani. Michache iliyo bora iachwe itoe mbegu, na mapodo yavunwe yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka. Mbegu zikaushwe kivulini na kutunzwa katika chombo kikavu kilichoandikwa tarehe ya kuvuna.

Wananchi waishio kando ya ziwa wanakumbushwa kuwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kulima hapo husababisha udongo, mbolea na viuatilifu kusombwa na mvua hadi ziwani. Ni vyema bustani iwe karibu na nyumba, ambako maji yaliyooshea mboga au nafaka yanaweza kutumika kumwagilia.

Kwa ushauri zaidi, wananchi wawasiliane na Afisa Ugani wa kata husika.