Modemu: Mkalimani Baina ya Kompyuta na Simu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa na mradi ulioitwa ESANET. Vyombo vilivyohitajiwa vilikuwa vichache: kompyuta ndogo, waya wa kawaida wa simu, na kijisanduku kilichowekwa kando ya kompyuta, yaani modemu ya nje. Kwa vyombo hivyo mtafiti aliweza kupeleka ng'ambo barua ambayo kwa posta ingechukua majuma kadhaa. Lakini simu ya masafa marefu hulipiwa kwa dakika, na dakika hulipiwa barua ifike au isifike. Aliyeunganisha modemu vibaya alilipa gharama yote na asipate jibu. Makala haya yaeleza jinsi modemu ya nje inavyounganishwa na kompyuta ya zamani, na sababu ya kila hatua.

Tarakimu kuwa milio

Kompyuta huhifadhi kila jambo kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti. Waya wa simu, kwa upande wake, uliandaliwa kuchukua sauti ya mtu. Hupitisha mitetemo iliyo baina ya hezi 300 na 3,400 hivi. Iliyo nje ya mipaka hiyo hupotea. Volti za kompyuta zikitiwa moja kwa moja katika njia hiyo hazifiki mbali zikiwa na umbo lake. Hapana budi awepo mkalimani: modemu ya upande mmoja hugeuza biti kuwa milio, na ya upande wa pili huirudisha milio kuwa biti.

Katika modemu ya Bell 103, iliyotolewa na AT&T ya Marekani mwaka 1962, upande uliopiga simu ulitoa mlio wa hezi 1,270 kwa tarakimu 1, na hezi 1,070 kwa tarakimu 0. Upande uliopokea ulijibu kwa hezi 2,225 na 2,025. Kwa kuwa milio hiyo ilitofautiana, pande zote mbili ziliweza kusema kwa wakati mmoja bila kuingiliana. Mwendo wake ulikuwa biti 300 kwa sekunde. Kanuni ya kimataifa ya V.21, iliyotumika Ulaya, ilikuwa na mwendo huo huo lakini kwa milio mingine: hezi 980 na 1,180 upande mmoja, 1,650 na 1,850 upande wa pili. Kwa hiyo modemu ya Marekani na modemu ya Ulaya, zote zikiwa nzima, ziliweza kupigiana simu na zisielewane hata neno moja.

Kuunganisha

Modemu ya nje yafaa sana kwa kompyuta kuukuu, kwa sababu mtumiaji halazimiki kufungua sanduku la kompyuta, na taa zilizo mbele ya modemu humwonyesha kinachotendeka.

Kwanza hutazamwa umeme. Modemu iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani huja na adapta ya volti 120, ilhali umeme wa Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240. Adapta hiyo ikichomekwa ukutani huungua. Tena, baadhi ya adapta za modemu hutoa mkondo geu badala ya mkondo mnyoofu. Adapta isibadilishwe na nyingine kwa kuwa tu plagi yake yaingia.

Pili ni waya wa kwenda kwenye kompyuta. Huchomekwa katika tundu la RS-232, ambalo hupitisha biti moja moja kwa mfululizo. Zamani tundu hilo lilikuwa na pini 25. Baada ya IBM kutoa kompyuta yake ya PC AT mwaka 1984, tundu la pini 9 likaenea. Katika tundu la pini 25, pini ya 2 hutoa habari kwenye kompyuta, ya 3 huziingiza, na ya 7 ni ya ardhi. Volti hasi, baina ya 3 na 15, humaanisha 1; volti chanya za kiasi hicho humaanisha 0. Waya wa modemu ni mnyoofu: pini ya 2 kwa ya 2, na ya 3 kwa ya 3. Upo waya mwingine wenye plagi za namna hiyo hiyo, ambao ndani yake pini ya 2 na ya 3 zimepishana. Huo ni wa kuunganisha kompyuta na kompyuta bila modemu. Nyaya hizo mbili hazitofautiani kwa macho, basi yafaa kila mmoja uandikwe jina lake.

Makubaliano

Programu ya mawasiliano ikifunguliwa, huuliza ni tundu lipi litumike, mwendo gani, na kila herufi iwe na biti ngapi. Mpango ulioenea ni biti 8 za herufi, bila biti ya uhakiki, na biti 1 ya kumalizia. Ikiongezwa biti 1 ya kuanzia, kila herufi huwa na biti 10. Kwa mwendo wa biti 300, basi, hupita herufi 30 kwa sekunde, na ukurasa wa herufi 2,000 huchukua sekunde 67 hivi. Kwa mwendo wa biti 2,400, ukurasa huo hupita kwa sekunde zisizozidi 9. Hapo ndipo thamani ya mwendo ionekanapo kwa mlipaji wa simu.

Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa Smartmodem, iliyopokea amri kupitia waya ule ule wa habari, na watengenezaji wengine wakaziiga amri zake. Karibu kila amri huanza na herufi AT, maana yake "tega sikio". Mtu huandika AT, na modemu hujibu OK. Jibu hilo fupi lathibitisha mengi kwa mara moja: umeme upo, waya ni sahihi, tundu ndilo, na mwendo umekubalika. ATDT ikifuatwa na nambari hupiga simu kwa milio; ATDP hupiga kwa mapigo, kama simu ya kuzungusha kwa kidole. Alama +++, zikitanguliwa na kufuatwa na kimya cha sekunde moja, huirudisha modemu katika hali ya kupokea amri. Kimya hicho ndicho kitofautishacho amri na habari, hata barua yenyewe ikiwa na alama hizo ndani yake.

Kutafuta hitilafu

Ikiwa AT haipati jibu, hutazamwa taa ya SD. Ikimetameta kila herufi iandikwapo, habari zaifikia modemu, na kasoro yaweza kuwa katika mwendo au njia ya kurudi. Isipomulika, kasoro i katika waya au tundu lililochaguliwa.

Modemu ikisema NO DIALTONE ilhali simu yenyewe ni nzima, huenda haiutambui mlio wa kituo cha simu cha nchi ile, kwa kuwa milio hiyo hutofautiana nchi na nchi. Amri ya ATX3, katika modemu nyingi, huiambia ipige bila kuungoja.

Herufi zikipotea katikati ya maneno, kompyuta yenyewe huenda ndiyo ichelewayo. IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia chipu ya 8250, ambayo huweka herufi moja tu iliyopokewa. Kwa mwendo wa biti 9,600, herufi mpya hufika kila baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na prosesa ikishughulika na diski, ya kwanza hufutwa na ya pili. Chipu ya 16550A ina nafasi 16. Asiyeweza kuipata na apunguze mwendo.

Mwisho ni kelele za njiani. Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo. Kwa upana wa hezi 3,100, ishara ikiwa na nguvu mara 1,000 kuliko kelele, kikomo ni biti 31,000 hivi kwa sekunde. Ikiwa mara 100, hushuka hadi 20,600 hivi. Tena, kelele huharibu herufi. Kwa ajili hiyo Ward Christensen alitunga kanuni ya XMODEM mwaka 1977: habari hupelekwa kwa mafungu ya baiti 128, kila fungu na jumla yake ya uhakiki, na lililoharibika hupelekwa tena. Katika njia mbovu, mwendo wa chini waweza kumaliza kazi mapema kuliko mwendo wa juu unaorudia kila fungu.

Jaribio darasani

Siku za modemu za simu zimepita: kampuni ya AOL ya Marekani iliifunga huduma yake ya namna hiyo tarehe 30 Septemba 2025. Hata hivyo, zipo kompyuta za zamani zenye kumbukumbu za kazi ya miaka mingi katika diski ambazo mashine za leo hazizisomi, na aghalabu tundu la RS-232 ndilo njia rahisi ya kuzitoa. Aijuaye kazi hii aweza kuokoa kumbukumbu hizo kabla mashine hazijafa.

Shule yenye kompyuta mbili za namna hiyo yaweza kujifunza bila simu. Ziunganishwe kwa waya uliopishana, zote ziwekwe mwendo wa biti 300, na mwanafunzi aandike jina lake. Litatokea upande wa pili. Kisha kompyuta moja ibadilishwe iwe biti 1,200, na jina liandikwe tena. Waya ni ule ule na mashine zote ni nzima, lakini kinachotokea ni takataka tupu. Mwanafunzi na atakiwe kueleza sababu kabla ya mwalimu kuitaja.