Ualbino: Rangi Inavyorithiwa na Inavyotambuliwa

Mtoto mwenye ngozi nyeupe na nywele za manjano anapozaliwa na wazazi weusi, swali la kwanza katika nyumba nyingi za Bunju, Tegeta, Mbagala au Chamazi huwa si la kitabibu. Huulizwa rangi hiyo imetoka wapi, na mara nyingi anayetakiwa kujibu ni mama peke yake. Jibu la sayansi liko wazi: imetoka kwa wazazi wote wawili, kwa kiasi sawa.

Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu za mwili. Mtu mwenye ualbino anazo seli hizo. Kilichopungua ni uwezo wake wa kutengeneza melanini. Kila binadamu hupokea nakala mbili za jeni husika, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala moja ikiwa nzima, rangi huwa ya kawaida, na mwenye nakala hiyo huwa mbebaji asiyejijua. Ualbino hutokea pale tu nakala zote mbili zinapokuwa na hitilafu. Ndivyo selimundu inavyorithiwa pia. Hata mfugaji wa sungura hulijua jambo hili bila kitabu: sungura wawili wa kijivu huweza kuzaa mtoto mweupe mwenye macho mekundu, na hakuna anayemshuku mama yake.

Wazazi wawili wabebaji wana uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mwenye ualbino katika kila ujauzito. Robo hiyo huanza upya kila mara. Kumpata mtoto mmoja mwenye ualbino hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa na rangi ya kawaida. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulikadiria mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Kwa hesabu ya urithi, makadirio hayo yana maana kwamba takriban mtu mmoja kati ya 19 ni mbebaji. Hakuna ukoo unaoweza kujitoa katika hesabu hiyo na kuunyooshea kidole ukoo mwingine.

Ualbino si wa aina moja. Aina iliyoenea zaidi Tanzania hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2. Mtoto huzaliwa na nywele za manjano, na kadiri umri unavyosonga huweza kupata madoa ya kahawia mahali panapopigwa na jua. Aina nyingine hutokana na jeni ya tairosinasi, kimeng’enya kinachoanzisha utengenezaji wa melanini. Katika hali yake kali, nywele hubaki nyeupe pepe maisha yote. Ipo pia aina yenye ngozi ya hudhurungi na nywele nyekundu, ambayo ni rahisi kupita bila kutambuliwa. Wenza wote wawili wakiwa na ualbino wa aina moja, watoto wao wote huwa nao. Wakiwa na aina tofauti, watoto kwa kawaida huzaliwa na rangi kamili.

Mhudumu wa afya hutofautisha ualbino na hali nyingine kwa kuchunguza macho. Vitiligo huja kwa mabaka baada ya kuzaliwa, na utapiamlo huweza kufifisha rangi ya nywele, lakini hali hizo hazisababishi macho kuchezacheza, kuumizwa na mwanga na kuona hafifu tangu utotoni. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kwa mtaalamu wa macho, na shuleni akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali.

Kinachofupisha maisha ya wengi si ualbino wenyewe, bali saratani ya ngozi inayoletwa na jua. Kinga huanza siku za mwanzo: kivuli, nguo za mikono mirefu na kofia pana, mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi huongezwa mtoto anapotimiza miezi sita. Ngozi ikaguliwe angalau kila miezi sita. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi mmoja kisipakwe dawa za kubahatisha. Mgonjwa apewe rufaa mapema, kwani saratani hiyo ikiwa ndogo huondolewa kwa upasuaji na kupona. Wengi hufika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road wakiwa wamechelewa.

Maelezo haya yatolewe wodini, baba na mama wakiwa pamoja, kabla mtoto hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Imani potofu zimeshagharimu ndoa na hata uhai wa watu wenye ualbino nchini. Baba aliyeelezwa siku hiyo kwamba nusu ya urithi huo ni wake hana sababu ya kumwacha mkewe, na mtoto hupata walinzi wawili dhidi ya jua badala ya mmoja.